Vijipicha vya Video kutoka Ofisi Moja ya Usanifu Dodoma: Tathmini ya Mteja

Ninaendesha chaneli ndogo ya YouTube inayofundisha kilimo cha zabibu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiiachia mashine kazi ya kuchagua kijipicha, yaani ile picha ndogo ambayo mtu huiona kabla ya kuamua kuifungua video au kuipita. Mashine huchukua tu kipande kutoka ndani ya video yenyewe, na vipande vyangu vilikuwa vya kusikitisha: mdomo umeachama katikati ya neno, kiganja kimeziba tawi, au jua la Hombolo limeufanya uso uonekane kama kivuli. Ndipo nilipowaendea vijana wawili wenye ofisi ndogo ya usanifu wa picha katikati ya jiji la Dodoma, wanaotoza shilingi 15,000 kwa kijipicha kimoja na 40,000 kwa vitatu. Nililipia vitatu.

Video ya kwanza niliyowapelekea ilihusu kupogoa. Rasimu yao ilipendeza mno kwenye kompyuta: shamba lote linaonekana, safu za mizabibu zinapotelea mbali, nami nimesimama pembeni na mkasi chini ya kichwa cha habari chenye maneno tisa. Kijana aliyeitengeneza hakunipa hata nafasi ya kuisifu. Aliituma kwenye simu yake, akaipunguza hadi ikalingana na kibiriti, kisha akanipa na kusema, "Mama, hebu isome ukiwa umenyoosha mkono." Sikuambulia neno hata moja, na mkasi niliuona kama kijiti. Kwangu mimi zoezi hilo peke yake lilitosha kuhalalisha malipo, kwa sababu wanaonifuatilia hutazama video kwa simu, tena mara nyingi wakiwa juani shambani au wamebanana kwenye daladala.

Rasimu ya pili iliondoa karibu kila kitu. Ulibaki mkono wangu, mkasi uliofunguka, na tawi moja lenye macho mawili, yaani vifundo ambako machipukizi hutokea, pamoja na maneno "BAKIZA MACHO 2". Hata hivyo, ile 2 ilikuwa imeangukia kona ya chini kulia, mahali ambapo YouTube huweka muda wa video, na kibandiko cha muda kikaifunika; mkulima angesoma "Bakiza macho", akabaki akijiuliza ni macho ya nani. Tuliyahamishia maneno juu kushoto. Herufi nazo zilikuwa nyekundu, na kwa kuwa udongo wa shamba langu ni mwekundu zilimezwa kabisa, hivyo wakazigeuza kuwa za njano zenye ukingo mweusi. Walikumbuka pia kung'arisha pembe za picha, maana watu wengi wameweka mandhari meusi kwenye simu zao, na picha yenye pembe za giza huyeyukia humo.

Kijipicha cha pili, cha video ya mavuno, kilinikera. Waliweka kichala cha zabibu za kijani kibichi, ndefu na zinazong'aa, zilizotolewa intaneti, ilhali video nzima inaonyesha zabibu nyekundu iliyokoza ya Makutupora. Mkulima yeyote wa huku angegundua kwa kutupa jicho mara moja, na asingeniamini tena hata ninapozungumzia mbolea. Cha tatu kilikuwa na mabunda ya noti na mshale mkubwa, wakati video yenyewe inaeleza namna ya kutengeneza nguzo za mizabibu. Nilivikataa vyote viwili, wakavirekebisha bila kununa, ingawa "kesho" yao iligeuka kuwa siku nne.

Kuhusu mabunda ya noti tulibishana kidogo, kwani kijana alishikilia kwamba fedha huvuta mibofyo. Huenda ni kweli, lakini sera za YouTube zinakataza vijipicha vinavyopotosha, na anayekuta nguzo mahali alipotarajia noti huondoka mapema. Ipo pia zana ndani ya YouTube Studio, sehemu ambayo mwenye chaneli husimamia video zake, upande wa kompyuta, inayokuruhusu kuweka hadi picha tatu kwa video moja ili zionyeshwe kwa watazamaji tofauti. Mshindi hupatikana kwa muda uliotazamwa, wala si kwa idadi ya mibofyo pekee. Niliitumia kwenye video ya kupogoa, nikashindanisha picha ya mkono na toleo jingine lenye uso wangu ukitabasamu, ambalo waliniongezea bure. Baada ya subira ya siku kadhaa mkono ulishinda, nami sikuona vibaya.

Tangazo lililobandikwa mlangoni kwao linaahidi mibofyo mara tano zaidi, na hilo ningewashauri walibandue. YouTube yenyewe inaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote hupata mibofyo kati ya asilimia 2 na 10 ya mara ambazo kijipicha kimeonyeshwa, kwa hiyo aliyeko kwenye 4 hana sababu ya kuahidiwa 20. Walinikabidhi picha za pikseli 1280 kwa 720, vipimo vilivyozoeleka, lakini faili la kazi, lile ambalo maneno na picha vimetenganishwa, wanalitoza kando bila kukuambia mwanzoni. Ulizia kabla ya kulipa.

Nimeshawaagiza vijipicha vingine vitatu kwa ajili ya mavuno ya Agosti, na safari hii nimewapelekea picha za vichala vya shambani kwangu, nilizozipiga asubuhi kabla jua halijawa kali.