Mbunifu wa Mwanza anayeanzia sakafuni: tathmini ya huduma ya mazulia ya zamani

Huduma za ubunifu wa mambo ya ndani zimeongezeka sana Mwanza kadiri nyumba mpya zinavyopanda kwenye vilima vya Bwiru na kuelekea Nyegezi na Luchelele, lakini nyingi huishia kwenye dari ya jipsamu yenye taa za rangi, mapazia mazito na seti ya sofa inayofanana na ya jirani. Mbunifu ninayemweleza hapa huanzia sakafuni, na juu ya sakafu hiyo huanza na zulia la sufu lililofumwa kwa mkono miaka mingi iliyopita, kisha rangi za kuta, vitambaa vya viti na hata mbao za meza hufuata. Ametutengenezea sebule yetu pale Bwiru. Nimeona inafaa kuandika kwa kirefu kidogo kuhusu kazi yake, kwa kuwa ni mtu anayemweleza mteja ukweli wote wa kitu kabla ya kupokea fedha yake, na sifa hiyo katika biashara ya mapambo ni adimu.

Njia aliyopitia inaeleza mengi kuhusu namna anavyofanya kazi. Alikulia katika duka la mapazia la mama yake mzazi pale Makoroboi, ambako alijifunza kupima dirisha kwa macho na kutambua kitambaa kwa kidole kabla hajamaliza shule. Baadaye alisoma ubunifu wa mambo ya ndani katika Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, akaajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akipamba hoteli. Huko aliona mazulia ya nailoni yaliyogandishwa kwa gundi kutoka ukuta hadi ukuta yakivunda kwa unyevu na kung'olewa baada ya miaka michache, na anasema kwamba kila alipoyaona yakipakiwa kwenye lori kwenda jalalani alijiuliza kama hakuna kitu cha sakafuni kinachoweza kuzeeka kwa heshima. Jibu alilipata Zanzibar, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitia viraka mazulia ya familia za Mji Mkongwe. Kwa vizazi vingi majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Ghuba yalileta tende, chumvi na mazulia, na ndiyo maana bado yapo majumbani mwa pwani mazulia ya Uajemi na ya Wabaluchi, watu wa mipakani mwa Iran, Pakistan na Afghanistan, ambayo wajukuu hawajui thamani yake. Alikaa kwa mzee huyo akijifunza sindano na uzi, na aliporudi Mwanza alirudi na mazulia machache na ufundi wa kuyatengeneza.

Alipokuja kwetu mara ya kwanza alimwamkia kwanza mama mkwe wangu aliyekuwa barazani, akavua viatu, kisha akatembea sebuleni bila kuandika chochote. Mimi nilikuwa nimeshaandaa vipande vya rangi za ukuta nilivyovipata dukani. Aliviangalia, akanirudishia kwa upole, akasema, "Mama, rangi ya ukuta inapatikana kila siku, na fundi anaichanganya utakavyo. Zulia halichanganywi. Tulitafute kwanza hilo, halafu ukuta utalifuata." Kauli hiyo ndiyo msingi wa mbinu yake yote, na baada ya kuishi na matokeo yake naiona ni sahihi. Zulia la zamani lina rangi saba, nane au zaidi zilizokwisha kuzoeana kwa jua na nyayo, hivyo anayechagua ukuta kutoka ndani ya rangi hizo ni vigumu kukosea, ilhali anayelitafuta zulia baada ya kupaka ukuta anajikuta akiwinda kitu ambacho huenda hakikufumwa popote.

Duka lake ni chumba kimoja cha ghorofani karibu na Barabara ya Kenyatta, na mazulia yamelazwa moja juu ya jingine hadi usawa wa kiuno. Hapo ndipo ubora wa huduma hii unapoonekana waziwazi. Kila zulia analigeuza na kumwonyesha mteja mgongo wake kabla ya uso, kwa sababu mgongo haudanganyi: katika zulia la mkono mchoro wote unaonekana nyuma, fundo kwa fundo, kukiwa na tofauti ndogondogo za mkono wa mfumaji, na matamvua ya mwisho ni nyuzi zilezile za mtande, yaani za urefu, zinazopita mwili mzima wa zulia, wakati katika zulia la mashine matamvua mara nyingi yameshonewa baadaye kama urembo. Alichomoa uzi mmoja kutoka ukingoni akauchoma kwa kiberiti mbele yetu. Ulinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, dalili ya sufu, ambapo uzi wa plastiki ungeyeyuka na kuacha donge gumu. Akalowesha kitambaa cheupe na kukisugua juu ya sehemu nyekundu ili tuone kama rangi inachuja. Akapanua manyoya kwa vidole kutazama shina, akatueleza kwamba ncha zilizopauka huku shina likiwa na rangi kali huonyesha jua au rangi ya kiwandani isiyo imara. Rangi za kiwandani zilianza kuenea baada ya Mwingereza William Henry Perkin kugundua rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, na baadhi ya zile za mwanzo zilipauka vibaya, tofauti na nyekundu iliyotoka kwenye mizizi na buluu iliyotoka kwenye nili.

Lilikuwepo zulia moja jekundu lenye maumbo ya pembe nane yaliyopangwa kwa safu, ambalo mume wangu alilipenda papo hapo. Muuzaji mwingine yeyote angeliita Bukhara, kwa jina la mji wa Asia ya Kati unaosifika kwa mazulia mekundu, na kulipandisha bei. Yeye alituambia bila kuulizwa kwamba mchoro huo asili yake ni wa Waturkmeni, wafumaji wa Asia ya Kati, ila zulia hilo lilifumwa Pakistan, ambako mchoro huo umekuwa ukifumwa kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa nje, na kwamba sufu yake ni laini ya kupendeza lakini haidumu kama ile ngumu ya wafugaji. Alitaja bei ya chini kuliko tuliyokuwa tumeikisia. Alisisitiza pia kwamba mengi ya mazulia yake hayapaswi kuitwa ya kale, kwa kuwa katika biashara hiyo jina hilo hupewa zulia lililotimiza miaka 100, na ya kwake kwa sehemu kubwa yalifumwa kati ya miaka ya 1940 na 1980. Nimewahi kununua samani kwa watu wengi, na sikumbuki mwingine aliyejipunguzia bei kwa ulimi wake mwenyewe.

Mwishowe tulichagua zulia la Wabaluchi lenye buluu iliyokolea, wekundu wa damu ya mzee na michirizi ya rangi ya ngamia. Lilikuwa na kiraka pembeni na mahali pamoja buluu yake inabadilika ghafla kuwa nyepesi, kwa sababu mfumaji aliishiwa uzi akaendelea na uzi uliotiwa rangi siku nyingine. Nilidhani hayo ni mapungufu ya kuombea punguzo. Mbunifu aliyatetea yote mawili kwa uzito ambao ulinigusa. Kuhusu kiraka, alitukumbusha zulia la Ardabil, mji wa Iran, linalobeba tarehe ya mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540, ambalo Victoria and Albert Museum ya London ililinunua mwaka 1893 na kulitandaza hadi leo kama moja ya hazina zake kuu. Zulia hilo limetengenezwa kwa kutumia vipande vya pacha wake, na mabaki ya pacha huyo yako Los Angeles. Kama zulia lenye heshima hiyo duniani lina viraka, alisema, basi kiraka kilichoshonwa kwa ustadi ni sehemu ya maisha ya zulia, na kinachopaswa kuogopwa ni tundu lililoachwa bila kushonwa, kwa kuwa nyuzi zake huendelea kufumuka kila siku.

Zulia hilohilo la London lilirudi kwenye mazungumzo yetu tulipofika kwenye suala la dirisha. Sebule yetu inatazama magharibi, upande wa ziwa, na kuanzia saa tisa alasiri jua huingia hadi katikati ya chumba. Makumbusho huliwashia zulia la Ardabil taa kwa dakika 10 tu kila baada ya nusu saa ili mwanga usilimalize rangi, na mwanga wenyewe ni hafifu; linganisha na jua la Mwanza, mji ulio chini kidogo ya mstari wa Ikweta na ambao ziwa lake hurudisha mwanga kama kioo. Alikataa kutuuzia zulia mpaka tukubali kuweka pazia jepesi la pamba la kushushwa alasiri, na akaandika kwenye mkataba kwamba zulia ligeuzwe mwelekeo mara mbili kwa mwaka ili upande mmoja usipauke peke yake. Vilevile alidai wavu mpya madirishani. Wakazi wa kando ya ziwa wanajua sababu: wadudu wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa usiku, na wakifia juu ya sufu huacha uchafu wa mafuta. Hata hivyo adui mkubwa zaidi, kwa maelezo yake, ni nondo wa nguo, ambaye viwavi vyake hula sufu mahali penye giza na pasipokanyagwa, hasa chini ya kabati na makochi mazito, ndiyo maana anataka samani zinyanyuliwe na zulia lifagiliwe pande zote mbili.

Matokeo yenyewe yamenizidi matarajio. Kuta zimepakwa rangi ya mchanga iliyotolewa kwenye ile michirizi ya ngamia, makochi yetu ya zamani yamevishwa upya kitambaa cha pamba cha buluu badala ya kutupwa, na sakafu ya terazo, ambayo nilitaka kuifunika kwa vigae vinavyong'aa, imesuguliwa tu na kuachwa ionekane pembeni kwa upana wa mkono. Miguu ya mbele ya kila kiti imekanyaga zulia, ya nyuma iko nje, na mpangilio huo mdogo umefanya viti vilivyokuwa vimetawanyika vionekane vimekaa pamoja kama watu wanaozungumza. Kwa kuwa zulia lilikuwa dogo kuliko chumba, alilitandika juu ya mkeka mkubwa wa katani, na hilo lilipunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Chini ya meza ya kulia hakutaka zulia lolote. Nyumba inayokula ugali na sato wa mchuzi kila siku, alisema, haina sababu ya kutesa sufu, na nakubaliana naye kabisa. Mama mkwe wangu alipatiwa mswala mdogo wa Kibaluchi kwa ajili ya chumba chake, nao umekuwa kitu anachokithamini kuliko vyote vilivyoingia nyumbani mwaka huu.

Yapo niliyoyaona kuwa na upungufu. Ushonaji wa ukingo mmoja ulichukua muda mrefu kuliko alivyoahidi, na ingawa alipiga simu kueleza, tulikaa na sebule tupu kipindi ambacho tulikuwa tunatarajia wageni wa harusi. Upande wa taa si hodari kama alivyo upande wa vitambaa. Taa moja aliyoiweka kona ya dirisha inaacha nusu ya zulia gizani usiku, na ilitubidi kumwita fundi umeme tuongeze nyingine. Maelekezo ya kufua aliyatoa kwa mdomo tu, kwamba zulia lifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, likaushwe kivulini penye upepo, wala lisianikwe juu ya miamba ya jua kali kama tunavyoanika vitu vingine huku kwetu. Mambo hayo yalistahili karatasi, kwa sababu anayefua siku hiyo huenda siye aliyesikiliza.

Swali gumu zaidi ni la maslahi. Mbunifu anayekushauri ununue zulia ndiye huyohuyo anayeliuza, na kwa mtu asiye mwaminifu hapo pana mlango mpana. Yeye ameuziba kwa njia mbili ambazo nazisifu: ada ya ushauri inalipwa peke yake na inaandikiwa risiti yake hata usiponunua zulia kwake, na zulia unaruhusiwa kukaa nalo nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kulipa, ulione asubuhi, alasiri na usiku. Sisi tulirudisha moja kwa utaratibu huo, na hatukuonyeshwa uso wa kununa.

Bei ni kubwa na sitaificha. Zulia letu peke yake lilizidi gharama ya seti nzima ya makochi mapya kutoka kwa mafundi seremala wa mjini, na hiyo ni kabla ya ada, pazia na ushonaji. Kwa aliyepanga chumba na anayehamahama sioni sababu ya kujibana kiasi hicho, ila kwa mtu wa namna hiyo zipo foronya za mito zilizokatwa kutoka mazulia yaliyoharibika kiasi cha kutofaa tena sakafuni, nazo zinauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuimudu. Anayemiliki nyumba na anayekusudia kukaa ndani yake muda mrefu ningemshauri aende, akiwa na vipimo vya chumba, picha za sakafu zilizopigwa asubuhi na alasiri, na ukuta ambao bado haujapakwa rangi. Siku za Jumamosi chumba hujaa, kwa hiyo ni vyema kuweka miadi katikati ya wiki, wakati ana nafasi ya kuligeuza kila zulia na kueleza mgongo wake.