jamovi kwa kulinganisha wastani: ya bure, haina makuu, ila swali uliza mwenyewe

Kazi yangu ni data za watu. Nina meza ndani ya steshenari karibu na chuo, na msimu wa tasnifu ukifika wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanamiminika na flashi zao: "Dada, msimamizi anataka t-test, na mwisho ni kesho." (Hilo ni jaribio la t, la kulinganisha wastani wa makundi mawili.) Wengi wanakuja na programu ya takwimu ya SPSS, ya kukraki, ambayo ikiamka vibaya haifunguki, au imeingia na virusi vyake. SPSS yenyewe sina ugomvi nayo. Ipo tangu 1968, IBM waliinunua 2009, ni programu nzuri, ila leseni yake halali si ya mfuko wa mwanafunzi anayesubiri boom. Kwa hiyo siku hizi anayekaa mbele yangu namwekea jamovi, nayo ni programu ya takwimu, kwenye laptopu yake mwenyewe. Humu naizungumzia kwa kazi moja tu, kulinganisha wastani wa makundi.

Ni ya bure kwelikweli, siyo ya majaribio. Walioianzisha ni Jonathon Love, Damian Dropmann na Ravi Selker, na hesabu zake zinafanywa kwa ndani na R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na inafungua Excel, CSV hata faili za SPSS bila kukusumbua. Faili la kupakua si dogo, kwa hiyo subiri Wi-Fi ya chuo usije ukamaliza bando. Ukishaiweka, unafanya kazi hata kama mtandao hakuna.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba ukiweka tiki, jedwali linabadilika hapohapo. Hakuna kubonyeza OK halafu dirisha jipya, halafu lingine, mpaka hujui jibu la mwisho ni lipi. Na p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama kiukweli makundi hayatofautiani) ikiwa ndogo sana inaandikwa kwamba iko chini ya .001. Wale mnaoandika "p = .000" kwa sababu SPSS ndivyo ilivyoonyesha, msimamizi makini anazungushia hapo kalamu nyekundu.

Jaribu nami kwenye data inayokuja na jamovi yenyewe, inaitwa Tooth Growth. Simbilisi 60 walipewa vitamini C kwa dozi tatu: miligramu 0.5, 1 na 2 kwa siku. Nusu waliipata kwenye juisi ya machungwa, nusu kwenye asidi ya askobiki tupu. Kilichopimwa ni urefu wa chembe zinazojenga jino. Fungua T-Tests, chagua Independent Samples, weka len (urefu) juu na supp (juisi au asidi) chini. Wastani wa juisi ni 20.66, wa asidi tupu 16.96. Student, jaribio la t la kawaida, inatoa t 1.92, digrii huria (degrees of freedom) 58, p 0.060. Weka tiki kwa Welch, jaribio la t lisilodai makundi yatawanyike sawasawa: t ni ileile, digrii huria zinashuka hadi 55.3, p 0.061. Mwenye haraka anaona p imezidi mpaka wa mazoea wa 0.05, anaandika "hakuna tofauti", analipa, anaondoka.

Sasa data hiyohiyo ipeleke kwenye ANOVA, inayolinganisha makundi mengi kwa pamoja; supp na dose (dozi) zote mbili ziwe sababu (factors), yaani vigezo vya kugawa makundi. Supp inarudi na F (namba ya jaribio, kama t ilivyokuwa) 15.6, na p iko chini ya 0.001! Hakuna simbilisi aliyeongezwa wala kupunguzwa. Ni kwamba dozi peke yake inapandisha wastani kutoka 10.6 hadi 19.7 hadi 26.1, na kwenye jaribio la t mpando wote huo ulikuwa umemwagwa ndani ya kila kundi, ukaufunika ule mwanya wa juisi. Halafu angalia mstari wa mwingiliano, unaoonyesha kama mwanya wa juisi unategemea dozi: p 0.022. Kwenye dozi ya 0.5 juisi ina 13.23 na asidi 7.98. Kwenye dozi ya 2 ni 26.06 kwa 26.14, yaani wamefungana. jamovi ilitoa majibu yote haya bila kukuonya popote kwamba lile la kwanza lilikuwa swali la haraka. SPSS nayo isingekuonya, wala R.

Kuhusu Student na Welch, nina msimamo. Tiki inayokuja tayari ni ya Student, lile jaribio la William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, lililochapishwa 1908 kwa lakabu hiyo. Linachukulia kwamba makundi yametawanyika sawasawa. Data za fildi, watu 14 huku na 39 kule, mara nyingi hazina adabu hiyo. Mimi natoa tiki ya Student na kuweka ya Welch kila mara. Msimamizi akidai Levene, jaribio la kuangalia kama mitawanyiko ni sawa, mpe Levene yake, iko palepale chini. Cha ajabu, kwenye One-Way ANOVA, yaani ANOVA ya kigezo kimoja, waundaji hawahawa wameanza na Welch, na ukitaka kujua kundi lipi limetofautiana na lipi wanakupa Games-Howell ya kwenda nayo, au Tukey kama unaamini mitawanyiko ni sawa.

Kinachowaliza wengi mezani kwangu wala si takwimu. Ni ujumbe kwamba safu ya makundi lazima iwe na ngazi mbili tu. Ukifungua data unakuta jinsia imeandikwa Me, Ke na ke. Kwa jamovi hayo ni makundi matatu. Au mtu ameandika "45 kg" kwenye safu ya uzito, safu nzima ikageuka maandishi, na ukiiburuta kwenye kisanduku cha wastani inagoma kuingia bila maelezo ya maana. Angalia alama ndogo juu ya kila safu: rula ni namba, viduara vitatu ni makundi. Safisha Excel yako kabla hujaja, nami nitakutoza kidogo.

Lawama yangu kubwa ni One-Way ANOVA kukosa kipimo cha ukubwa wa athari. Ukitaka eta mraba, ambayo ni kipimo cha aina hiyo, unahamia menyu ya ANOVA ya kawaida, na kule Welch haipo. Kwa hiyo unaandika F ya jedwali moja na eta ya jedwali jingine, kisha unajieleza kwenye tasnifu. Grafu nazo zinapendeza lakini huna uhuru mkubwa wa kuzichezea. Majedwali, kwa upande mwingine, yanaingia Word yakiwa yamenyooka. Hilo peke yake limeniokolea usiku kadhaa wa kuchora mistari.

Naipa nyota nne. Ya tano naishikilia hadi waiweke hiyo eta pale kwenye One-Way.