Kaunta buku ya kwaya 2 kwa msomaji: tulivyoipima dhidi ya dayari zenye maswali

Msomaji wa Tanga anayetaka kitabu kimwingie, si kimpitie tu, hana budi kuwa na mahali pa kuandika. Kitabu cha kuazima maktaba hakichorwi, na cha kununua hakina pembezoni ya kutosha. Steshenari za mjini kati na za Ngamiani zinampa njia mbili. Kuna dayari za kigeni zenye jalada la ngozi bandia, utepe wa kuwekea alama, lastiki ya kufungia na maswali yaliyokwisha kuchapwa kila ukurasa. Halafu kuna kaunta buku, daftari lile lile analoandikia mwenye duka madeni ya mtaa. Sisi tunachagua kaunta buku, ingawa ina kasoro zake, na asiyejua kuitumia itamgeukia daftari la shule.

Tuanze na umbo. Kwaya moja ni kurasa 96, kwa hiyo kwaya 2 ni kurasa 192, kwaya 3 ni 288, na kwaya 4 ni 384. Kwaya 2 ndiyo inayofaa. Kwaya 4 ni nzito kwenye mkoba, na ukiiandika kurasa za mwanzo mkono wa kulia unaning'inia ukingoni. Kabla ya kulipa, itazame kichwani mwa mgongo. Daftari zuri linaonyesha vifungu vya karatasi zilizokunjwa, na ukifungua katikati ya kifungu unauona uzi. Lililoshonwa hulala wazi mezani lenyewe. Lililopakwa gundi tupu linataka kushikiliwa kwa kiganja, na likilazimishwa mgongo hupasuka, kisha kurasa zinaanza kutoka mojamoja. Jaribu pia wino: kwaruza mstari kwenye ukurasa wa mwisho (omba ruhusa kwanza), geuza, angalia kama unaonekana upande wa pili. Karatasi za kaunta buku nyingi ni nyembamba, na peni ya jeli huvuja hadi nyuma. Peni ya kawaida au penseli ya HB haina shida hiyo.

Sababu kubwa ya kuipendelea, hata hivyo, ni upana. Anayesoma kwa Kiswahili atakutana na mashairi, apende asipende. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kwa mwandiko wa kawaida unataka takribani sentimita 14 hadi 16. Ukurasa wa kaunta, ambao ni A4, una upana wa sentimita 21, kwa hiyo mshororo unakaa mzima. Dayari nyingi ni A5, upana sentimita 14.8, na ukitoa pembezoni hubaki pungufu ya 13. Mshororo unakatika utaoni na kina cha mwisho kinashukia mstari wa chini. Atakayeona hilo ni jambo dogo ajaribu kunakili shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina, lililomo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, mara moja kwenye A5 na mara moja kwenye kaunta. Kwenye A5 jicho linahangaika kutafuta vina. Kwenye kaunta unasikia kituo cha katikati, pale msomaji anapovuta pumzi, na kwenye shairi la msiba pumzi hiyo ina kazi yake. (Mwandishi mwenyewe ni mtu wa hapa hapa, mzaliwa wa Vibambani, 1909, kuanza na yeye ni adabu ya mji, wala si lazima.)

Dayari zenye maswali zina wema mmoja: zinamwondolea mtu hofu ya ukurasa mtupu. Lakini maswali yake hayajui unasoma nini. Leo umesoma ugomvi wa mtu na mama yake, daftari linakuuliza mambo matatu ya kushukuru. Unajikuta unalijibu daftari na kukiacha kitabu. Nyingine zina vijisura vitano vya kuzungushia duara, kuanzia cheko hadi kilio, na kijisura cha huzuni ndicho hicho hicho kwa aliyefiwa, aliyeaibishwa na aliyenyimwa. Ukitaka orodha ya kukusaidia, iandike mwenyewe ndani ya jalada la nyuma: simanzi, jitimai, kinyongo, soni, husuda, upweke, unyonge, na mengine unayoyatumia kweli nyumbani. Maneno 20 yanatosha.

Namna ya kuiandaa. Weka namba za kurasa kwa mkono siku ya kwanza, zote 192. Inachosha, lakini ukiahirisha hutafanya tena. Ukurasa wa 1 hadi wa 5 ni wa fahirisi: jina la kitabu, tarehe, ukurasa wa daftari. Kuanzia wa 6, kila kikao kipewe kurasa mbili zinazotazamana, kushoto namba shufwa, kulia witiri. Mpaka ukurasa wa 191 unapata vikao 93, na wa 192 unabaki wa kujaribia peni. Kwa vikao vitatu kwa wiki, daftari moja linakwenda wiki 31.

Upande wa kushoto ni wa kitabu. Soma kurasa 10 hadi 15, ukome palipokugusa au palipokuudhi, kisha nakili sehemu hiyo neno kwa neno pamoja na namba ya ukurasa. Isizidi mistari sita, au beti mbili kwa utenzi. Upande wa kulia ni wako, nao unafuata mpangilio huu: kwanza taja hisia kwa neno moja, pili andika ni neno gani hasa katika nukuu lililoileta, tatu ni jambo gani la maisha yako lililoitikia, na mwisho swali moja ambalo hujalijibu. Acha mistari mitano chini, mitupu. Baada ya wiki rudi na peni ya rangi nyingine ujaze hiyo mitano. Hapo ndipo daftari linapolipa gharama yake, kwa sababu unaona kilichopoa na kilichobaki vilevile. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba kuandika hakusaidii.

Muda uwe dakika 15 za kuandika. Kipimo hicho kinafahamika katika utafiti wa saikolojia wa James Pennebaker na Sandra Beall uliochapishwa Marekani mwaka 1986, ambapo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika tukio la kuumiza pamoja na hisia zao walitoka na moyo mzito zaidi papo hapo, ila miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi. Funzo la vitendo ni kwamba usiandike ukiwa umeshapanda kitandani. Acha nusu saa ya kuosha vyombo, kutembea, kuzungumza na watu. Na jambo lile lile likijirudia vikao vinne kwa maneno yale yale, bila kuongezeka chochote, huko si kutafakari tena, ni kuchokonoa kidonda. Badilisha kitabu, au mtafute mtu wa kuzungumza naye. Anayekosa usingizi au kula kwa sababu ya yanayotoka kwenye daftari anahitaji mhudumu wa afya, hapaswi kuongezewa kitabu kingine.

Kosa linaloharibu kaunta buku kuliko yote linatokana na shule zetu. Mtu aliyefundishwa fani na maudhui akishika daftari lenye mistari, mkono unaanza wenyewe: “Mwandishi anatufunza kuwa…” Dhamira, ujumbe, wahusika, falsafa. Ni majibu mazuri ya mtihani, lakini yanamficha msomaji nyuma ya “sisi” isiyo na mtu. Dawa yake ni kanuni moja ya sarufi: ukurasa wa kulia kila sentensi ianze na nafsi ya kwanza umoja. Nilikasirika. Sikupenda. Namwogopa. Ukikuta “jamii” imeingia upande wa kulia, ifute. Kosa la pili ni muhtasari wa hadithi. Ndiyo maana upande wa kushoto unabeba nukuu tu. La tatu ni kunakili mno, kurasa mbili nzima za maneno ya mwenzako, na upande wako ukabaki na mistari miwili.

Sasa hewa ya bahari. Hapa dayari za kupendeza zinaanguka vibaya. Ngozi bandia ya plastiki huoza kwa unyevu na joto: inaanza kunata, kisha inabanduka magamba meusi yanayochafua mkono na nguo. Lastiki inalegea. Jalada la kaunta, kadi ngumu yenye kitambaa mgongoni, linavumilia zaidi, ingawa gundi yake inawapendeza mende. Livalishe karatasi ya kaki peke yake. Nailoni tunayoivalisha madaftari ya watoto juu ya kaki inafaa kuzuia maji ya mvua, lakini daftari likikaa kabatini masika nzima, nailoni inafungia unyevu ndani na jalada linaota ukungu. Lisimamishe rafuni, lisigusane na ukuta, na kila wiki lifunguliwe lipigwe upepo kivulini. Jua kali hukunja jalada na kufifisha wino. Ukiandika mchana wa joto, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja. Jasho huifanya karatasi nyembamba ikatae wino, nawe utailaumu peni bure.

Faragha ni hoja ambayo wauza dayari wanaitangaza kwa vile vikufuli vidogo. Kikufuli hicho kinafunguka kwa kibanio cha nywele, tena kinamwambia kila aliyemo nyumbani kwamba humu mna siri. Nyumba zetu za vyumba vinavyotazamana ukumbini hazina droo ya mtu mmoja. Kaunta buku yenye kaki, iliyoandikwa juu “Hesabu”, haimshughulishi mtu. Pengine atakayeigusa ni yule anayedhani jina lake limo kwenye madeni. Pa kuandikia, baraza halifai jioni kwa sababu kila apitaye ana salamu na swali. Chumba cha kusomea cha maktaba kinafaa, na bustani ya Jamhuri inafaa asubuhi, ilimradi uwe na ubao wa kuegemezea, maana A4 juu ya goti huteleza.

Kwa nani haifai? Anayesoma ndani ya daladala, kwa sababu daftari ni kubwa mno. Huyo achukue kijitabu cha mfukoni cha nukuu tu, ahamishie kwenye kaunta akifika. Anayesoma riwaya moja kwa mwaka pia asinunue kwaya 2, kwaya 1 itamtosha. Na kwa anayeanza leo, asinunue mbili kwa pamoja kwa kuvutiwa na punguzo la bei: la pili litakaa miezi saba likisubiri zamu, na mende hawana subira hiyo.