Hamish Macbeth baada ya M.C. Beaton: uzoefu wangu na vitabu vya R.W. Green

Nilianza kwa shingo upande. M.C. Beaton, mwandishi aliyembuni polisi Hamish Macbeth, alifariki Desemba 2019, lakini jina lake bado linatawala majalada ya vitabu vilivyotoka 2022, 2023 na 2024, kwa herufi kubwa, na R.W. Green, aliyeuendeleza mfululizo huo, amewekwa chini yake kwa herufi za kistaarabu. Nikasema hapa tunauziwa jina la marehemu. Nikanunua hivyo hivyo, kwenye simu, maana Hamish nimemzoea na sikuwa tayari kumzika.

Kwa asiyemjua: Hamish Macbeth ni polisi wa Lochdubh, kijiji cha kubuni kilichowekwa Sutherland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Ni mrefu, nywele nyekundu, mvivu wa makusudi. Anafuga kuku na kondoo kituoni kwake, na samaki anayeishia jikoni mwake si lazima awe amevuliwa kihalali. Kwao wamezaliwa saba naye ndiye mkubwa, kwa hiyo sehemu ya mshahara inakwenda kwa wazazi. Kifungua mimba yeyote anayesoma hapa ameshaelewa kwa nini jamaa anabana matumizi namna ile. Akimkamata muuaji, sifa anamwachia Blair, bosi wake wa Strathbane anayemchukia waziwazi, kwa sababu sifa zikimfikia yeye atapandishwa cheo, atahamishiwa mjini na kituo cha kijiji kitafungwa. Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi na sijaona mpelelezi mwingine anayefanya kazi kwa bidii hivyo ili abaki pale pale alipo.

Hizi ni riwaya za mauaji ya kijijini: maiti inapatikana mapema, damu kidogo, chai nyingi, umbea mwingi zaidi. Unasoma usiku na unalala vizuri.

Beaton, ambaye jina lake halisi ni Marion Chesney, mzaliwa wa Glasgow, aliwahi kuwa ripota wa habari za uhalifu, na uandishi wake unaonyesha. Sentensi fupi, hana muda wa kukuonyesha machweo. Hamish alimpata baada ya kwenda Sutherland kujifunza kuvua salmoni, ndiyo maana kitabu cha kwanza, Death of a Gossip cha 1985, kinatokea kwenye shule ya uvuvi. Alikuwa na kipaji kimoja kikali: kukufanya umchukie marehemu kabla hajafa. Kurasa chache tu na wewe mwenyewe unashangaa mbona huyu mtu hajauawa bado.

Green alikuwa rafiki yake, na afya ya bibi ilipodorora walianza kufanya kazi pamoja. Hot to Trot ya 2020, katika mfululizo mwingine wa Beaton, ule wa Agatha Raisin, ndiyo iliyofungua mlango huo. Kwa hiyo hakuokotwa barabarani na mchapishaji. Hilo lilinipunguzia kinyongo, ingawa bado naona jina lake lingestahili herufi kubwa kidogo.

Kipimo changu hakikuwa Hamish. Hamish ni rahisi kumwiga: mpe uvivu, mpe mbwa, mpe mwanamke wa kumkosa. Kipimo changu kilikuwa akina dada wawili mapacha, Nessie na Jessie Currie, walinzi wa maadili ya kijiji wasioombwa. Jessie ana tabia ya kurudia maneno. Ukimwambia mvua inakuja, atakwambia inakuja, inakuja. Mwandishi mgeni hapo ndipo angeumbuka, kwa sababu angetumia kichekesho hicho kila ukurasa mpaka kipoteze ladha. Green anakitumia kama chumvi. Wanatokea, wanamsema Hamish, wanaondoka, na wewe unabaki unacheka peke yako kwenye daladala. Nilipofika hapo nikajua kijiji kiko salama.

Kitabu chake cha kwanza cha Hamish, Death of a Green-Eyed Monster, kinamletea jamaa konstebo mpya, Dorothy McIver, na Hamish anaanguka kimapenzi, kichwa chini miguu juu. Anaposa. Msomaji wa zamani anajua rekodi ya mtu huyu katika mapenzi (Priscilla, Elspeth, orodha ni ndefu), kwa hiyo unasoma kila ukurasa umeshika roho. Yaliyofuata siyasemi. Nitasema tu kwamba Green hakuogopa kugusa maisha ya mhusika aliyerithi, na hilo lilihitaji ujasiri.

Death of a Traitor ndicho ninachokipenda zaidi. Kate Hibbert, mwanamke mkarimu anayesaidia kila mtu kijijini, anaonekana akikokota sanduku zito, kisha haonekani tena. Kadiri Hamish anavyouliza, ndivyo ukarimu ule unavyoanza kunuka. Hapo Green yuko nyumbani kwa Beaton kabisa: kila jirani ana siri, kila siri ina bei.

Tofauti zipo. Green anakaa zaidi kwenye mandhari, milima na ziwa na ukungu, mambo ambayo Beaton angeyamaliza kwa mstari mmoja. Ana huruma zaidi pia. Watu wake wabaya wanapewa sababu. Mimi huruma hiyo siitaki sana. Ule ukatili mdogo wa Beaton, wa bibi anayekuchunguza kutoka juu hadi chini, ndio ulionifanya nirudi kila mara. Na katika Death of a Spy, ambako Hamish anafanya kazi na Mmarekani aitwaye James Bland na majasusi wa Kirusi wanatajwa, kijiji kinakuwa kidogo mno kwa hadithi iliyobebeshwa. Nilikimaliza, lakini nilikuwa naruka aya nikiwatafuta akina Currie.

Katikati ya kusoma nilimkumbuka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na Najum pembeni akiambulia patupu. Naye alikuwa mpelelezi wa aina hii hii, wa mazungumzo na subira, tangu Mzimu wa Watu wa Kale. Angepata mtu wa kumwendeleza kwa heshima kama hii, ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Ukitaka kujaribu, usianze na Green. Soma Death of a Gossip na vingine viwili vitatu vya Beaton, ni vifupi, kimoja kwa wikendi kinatosha. Kisha ruka hadi Green-Eyed Monster, uende Traitor. Spy kisubiri punguzo la bei. Na kama unanunua kwenye simu, angalia vizuri jalada: majina yanafanana sana, karibu yote yanaanza na Death of, na duka halikuulizi kama tayari unacho.