Kibodi ya Kukunja na Simu Yako: Kuandika Kazi Ndefu Nairobi Bila Laptopu

Hamjambo watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina kibodi mbili za kukunja, zote za Bluetooth, na boksi za zote mbili hazina jina la kampuni unayoijua. Hii ya kushoto inakunjika mara moja, katikati. Hii ya kulia inakunjika mara mbili: bawa la huku, na bawa la huku. Nikizikunja, kila moja inaingia mfuko wa koti. Nikizifungua, taa ya buluu inawaka na simu hii iliyosimama mbele yangu inakuwa tarakilishi ya kuandikia.

Nimezichambua kwa sababu ya watu ninaowaona kila siku jijini humu. Kuna wanafunzi wa chuo wanaoandika mradi wa mwisho kwa vidole gumba viwili. Kuna makatibu wa vyama wanaoandika kumbukumbu za mkutano mzima kwenye simu, wakikosa nusu ya yaliyosemwa kwa sababu mikono haiendi na mazungumzo. Kuna waandishi wa hadithi wenye riwaya nzima ndani ya simu iliyopasuka kioo. Simu hizo zina nguvu tosha ya kubeba kazi yao. Kinachowakwamisha ni kwamba hawana pa kuweka vidole kumi, na laptopu, hata ya mtumba, ni pesa ya kodi ya miezi kadhaa. Kama kifaa cha bei ya kiatu kinaweza kuwaondolea hilo, nataka wakijue vizuri kabla hawajatoa pesa.

Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1996 ilitoka Palm ya kwanza, tarakilishi ndogo ya kiganjani. Haikuwa na kibodi. Uliandika juu ya kioo kwa kalamu ya plastiki, kwa herufi za mkato zilizoitwa Graffiti, moja baada ya nyingine. Kuweka namba ya simu ya mtu, sawa. Kuandika ripoti, hapana. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani iitwayo Think Outside ikatoa kibodi ya Stowaway, iliyokunjika sehemu nne hadi ikakaribia ukubwa wa Palm yenyewe, na Palm nao wakaiuza kwa jina lao. Ulichomeka Palm juu yake, ikachukua umeme kutoka humo humo, bila betri ya kwake. Ninachokiheshimu sana katika kazi ile ni kwamba ilipofunguka, vitufe vilikuwa vya ukubwa kamili. Wabunifu wangeweza kutengeneza kibodi ndogo ya vitufe vidogo, ikawa rahisi na nafuu. Walikataa. Kitufe wakakiacha kama kilivyo, wakakunja kibodi.

Basi hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na wewe unaweza kukifanya ukiwa dukani. Kwenye kibodi ya kawaida, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 19 hivi. Chukua rula ya mtoto wa shule. Pima kutoka katikati ya A hadi katikati ya F. Hapo kuna hatua tatu, A kwenda S, S kwenda D, D kwenda F. Ukipata milimita 57, hiyo ni kamili. Ukipata 51, kila hatua ni 17, na mtu mwenye mikono mikubwa atakuwa anabonyeza viwili kwa pamoja. Hii ya kukunja katikati inanipa 57. Hii ya mabawa mawili inanipa 54. Kwa rula, ya kwanza imeshinda.

Kwa vidole haijashinda, na naomba tukae hapa kidogo, maana wengi wanaochambua kibodi hizi huandika Kiingereza na jambo hili huwapita.

Nasogeza kamera. Kibodi ya kukunja katikati imekatwa kati ya T na Y, kati ya G na H, kati ya B na N. Katikati pana bonde, upana wa kidole hivi, na vitufe vinavyolipakana vimenyooshwa kingo ili vijaze nafasi. Sasa fikiria maneno yetu. Nyumba. Hatuna. Yangu. Ninyi. Herufi N, Y na H ziko kila mahali katika Kiswahili, na zote tatu ziko ukingoni mwa bonde hili. Mtu aliyezoea kubonyeza B kwa mkono wa kulia, na wako wengi tu, anabonyeza hewa. Anayepiga Y kwa mkono wa kushoto, vivyo hivyo. Microsoft walipotoa kibodi yao ya kukunja mwaka 2015 nao walikata katikati, kwa hivyo si ujanja wa viwanda vya bei nafuu; ni umbo lenyewe. Linazoeleka, lakini vidole vyako vitajifunza desturi ambayo kibodi ya ofisini au ya maktaba haina.

Hii ya mabawa mikunjo yake inapita pembeni, na katikati pamebaki salama. T, Y, G, H, B, N zinakaa pamoja kama kawaida. Kitufe cha nafasi ni kimoja, hakijakatwa. Gharama yake imelipwa huku kando: Enter imebanwa, Shift ya kulia ni nyembamba, na ritifaa, ile alama ya ng', imefanywa kitufe chembamba sana kando ya Enter.

Ritifaa si pambo kwetu. Ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, kung'oa, ng'o! Ukiikosa, neno linasomwa lingine. Kuna kibodi nilizoziona zenye ritifaa iliyohamishiwa safu ya chini, na nyingine lazima ushike kwanza Fn, kitufe kinachobadilisha kazi ya vitufe vingine, ndipo upate. Hizo usinunue kama unaandika Kiswahili, hata muuzaji akupunguzie nusu ya bei. Hii yangu angalau haihitaji Fn, na kidole kidogo kimeshapazoea.

Naandika sentensi yangu ya majaribio, mtaiona kwenye skrini: "Ng'ombe wa bibi yetu hanywi maji ya bahari, hata ukimbembeleza." Ina herufi zote sita za katikati pamoja na ritifaa. Kwenye ya mabawa, imetoka safi. Kwenye ya kukunja katikati, tazama, "hanywi" imeruka herufi, na hapa kwenye "bibi" nimegonga pengo. Basi uamuzi wangu ni huu: ya mabawa mawili, ingawa vitufe vyake vimepungua milimita moja.

Kuunganisha ni rahisi. Washa Bluetooth kwenye simu, shika kitufe cha kuunganisha mpaka taa ipepese, chagua jina lake kwenye orodha. Simu ikikuonyesha tarakimu, ziandike kwenye kibodi yenyewe kisha ubonyeze Enter. Wengi hukwama hapo wakisubiri. Ikishaunganika, kibodi ya kwenye skrini inatoweka na unapata kioo chote cha kusomea. Ukiitaka irudi, kwa ajili ya emoji labda, kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya lugha, utafute kibodi halisi.

Jambo jingine dogo linalochosha watu: kibodi hizi hulala ukikaa bila kuandika, ili zihifadhi betri. Ukianza ghafla, herufi mbili tatu za mwanzo zinapotea. Bonyeza Shift kwanza, subiri kidogo, ndipo uendelee.

Na mikato ya kibodi inafanya kazi kwenye simu ya Android! Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika, Ctrl na Z kurudisha ulichofuta, Alt na Tab kuruka kutoka programu moja hadi nyingine. Naonyesha: niko Google Docs, Alt Tab, niko kwenye kivinjari ninasoma chanzo changu, Alt Tab, nimerudi palepale nilipoachia. Nikishika Shift na mishale, nachagua maneno kwa usahihi ambao kidole juu ya kioo hakiupati kamwe. Kwa mtu anayehariri kazi ya kurasa arobaini, hili peke yake linatosha kununua kibodi. Usisahau kuiwekea hati yako ruhusa ya kufanya kazi bila intaneti, data ikiisha uendelee.

Baadhi ya kibodi hizi zina kibao cha kugusa, cha kusogezea kishale, upande wa kulia. Kwenye Android kishale kinatokea chenyewe. Kwenye iPhone lazima kwanza uwashe AssistiveTouch, msaada wa kugusa ulio ndani ya mipangilio ya simu. Mimi nashauri uchague isiyo nacho. Kinakula nafasi ya vitufe, na skrini iko sentimita chache tu mbele ya mkono wako.

Sasa, unaandikia wapi? Mezani. Nalisisitiza hili kwa sababu picha za matangazo huonyesha mtu ameketi na kibodi mapajani. Mapajani bawaba zinanepa, mabawa yanainuka, na simu haina pa kusimama. Ndani ya matatu sahau kabisa. Barabara zina matuta, na simu iliyosimama peke yake mbele yako karibu na dirisha, mkono wa mtu mwingine unaweza kuifikia kabla ya wako. Kwa matatu, tumia vidole gumba, au usome tu ulichoandika jana.

Meza yenyewe iwe tulivu. Nimeandikia kwenye meza ya kibanda nikisubiri chapati na maharagwe, na ilifaa. Wanaoishi Eastlands wana maktaba za matawi za Kaloleni na Makadara. Ukienda maktaba chagua kibodi yenye vitufe vya kina kifupi, ina sauti ndogo. Jirani yako pia ana mtihani.

Shingo nayo. Simu ikikaa chini mezani, utainama saa nzima na jioni utaumwa. Iinue. Vitabu viwili vinene vinatosha, juu yake kisimamio kile cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi. Kisha ongeza ukubwa wa maandishi, usikaze macho. Faida ya kibodi isiyo na waya ni hiyo hasa: mikono inabaki chini, macho yanatazama mbele. Laptopu haikupi hilo bila kuongeza vifaa.

Betri sina mengi. Kibodi inatumia umeme kidogo sana, naichaji mara chache kuliko simu. Na stima ikipotea mtaani, pawabenki moja inabeba simu na kibodi usiku mzima. Angalia tu kwamba tundu la chaji ni USB-C, ubebe kebo moja.

Kinachokufa mapema ni mkunjo. Ndani ya kila bawaba kuna utepe mwembamba wa nyaya unaopeleka mawimbi ya vitufe upande wa pili, na kila ukifungua na kufunga unajikunja. Ukianza kuchoka, vitufe vya bawa zima vinanyamaza kwa pamoja. Kwa hivyo fungua kwa mikono miwili, taratibu, usiutupe mkono mmoja hewani ili mabawa yafunguke yenyewe. Vumbi la kiangazi likiingia kwenye bawaba, brashi kavu ya meno inalitoa. Usimwage kitu chochote cha maji huko.

Ukienda kununua, Luthuli Avenue ndiko maduka ya vifaa vya namna hii yamejazana, na bei hutofautiana mlango kwa mlango. Yangu ya mabawa niliilipia shilingi 3,500 baada ya kuelewana. Muuzaji alianzia juu zaidi. Usinunue ikiwa kwenye boksi lililofungwa. Mwambie, "Boss, naomba nijaribu na simu yangu hapa hapa." Aliye na bidhaa nzuri hakatai. Iunganishe, pima A hadi F, papasa F na J kama zina vile vinundu vya kuongoza vidole, kisha andika ile sentensi ya ng'ombe. Halafu ifunge na kuifungua mara kadhaa ukiandika tena kila mara, hasa kwa vitufe vya mabawani: A, Q, P, L na ritifaa. Omba risiti yenye tarehe, na muda wa kurudisha uandikwe kwa kalamu juu yake, maana neno la mdomo siku ya Jumamosi lenye wateja wengi husahaulika kufikia Jumanne.

Kama tayari unayo kibodi ya kukunja, fanyeni nami kitu kimoja. Niandikie hapo chini inakunjika wapi, rula imekupa milimita ngapi kutoka A hadi F, na ritifaa yake imekaa upande gani. Boksi nyingi hazisemi hayo, na kuna mwanafunzi atakayesoma jibu lako akiwa amesimama dukani na pesa mkononi.