Raspberry Pi 4 badala ya redio ya gari

Gari langu liliagizwa kutoka Japani likiwa na redio inayoishia megahezi 90, hivyo stesheni nyingi za Nairobi hazikupatikana. Niliiondoa na kufunga Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye skrini ya kugusa ya inchi 7, na sasa husikiliza stesheni hizo kwa intaneti ya simu, sauti ikiwa safi hata kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Udhaifu ni umeme: kompyuta hii huhitaji volti 5 na ampea 3, ilhali chaja niliyonunua Barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa bei ya kutupa (kosa langu) iliiacha ikizimika kila mara. Isitoshe, kuzima gari kabla kompyuta haijazimwa kuliharibu kadi ya kumbukumbu, nikasakinisha kila kitu upya. Asiyependa kushika bisibisi asiinunue.