Bushi za poliuretani kwenye kebo za gia: nilivyoziona baada ya kuzifunga

Mkono wa gia wa gari langu ulikuwa unacheza kama jino linalotaka kung'oka. Gari likiwa kwenye gia ya tatu ungeweza kuusukuma kulia na kushoto kana kwamba liko nyutro, na kutoka ya pili kwenda ya tatu ilikuwa ni kubahatisha: mara umeipata, mara umeangukia ya tano.

Fundi wa kwanza aliushika, akautikisa, akatamka kwamba giaboksi ishushwe. Boneti hakufungua. Nilimshukuru nikaondoka na gari langu, maana giaboksi haishushwi kabla mtu hajatazama kebo.

Niseme mapema gari ni la aina gani, kwa sababu bidhaa hii, yaani bushi zinazokaa ndani ya kichwa cha kebo ya gia mahali pa raba ya asili, haifungwi kwenye kila gari. Langu linavuta kwa magurudumu ya mbele, injini imekaa kwa upana, na mkono wa gia unaongea na giaboksi kwa kebo mbili. Moja inachagua mstari wa gia, yaani kulia na kushoto; nyingine inaingiza gia, mbele na nyuma. Kwenye gari nyingi za kuvuta nyuma mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi yenyewe, na kinacholika huko ni kikombe cha plastiki pale chini unapozungukia. Wenye gari hizo watafute kikombe chao.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji vifaa vingi. Injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa vigingi. Mtu mmoja akakaa ndani akisogeza mkono wa gia polepole, mimi nikainamia giaboksi baada ya kutoa boksi la kichujio cha hewa lililokuwa linaziba. Kebo ya kuchagua ilijisema yenyewe: kichwa chake kilisogea kama nusu sentimita hivi, ndipo chuma cha giaboksi kikaanza kufuata. Raba iliyokuwa katikati ya kichwa hicho ilikuwa imekauka kwa joto la injini na kumegeka, na nilipoichokoa kwa bisibisi ilitoka vipande. Ya kebo nyingine ilikuwa imelegea tu. Kisha nikakishika kile chuma cha giaboksi kwa vidole na kukitikisa. Hakikuwa na mchezo wa ajabu, na hapo nikajua kwamba ndani ya giaboksi siendi. Ndani ya gari nilifunua ngozi ya gia nikakagua nati zinazoshika kitako cha mkono. Zikilegea hizo, utanunua bushi bure.

Na kuna dalili ambazo bushi hizi hazitazigusa hata ukizifunga mbili mbili. Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwa inawaka, hiyo ni klachi isiyoachia vizuri. Gia moja ikikwaruza kila unapoiingiza ilhali nyingine ziko sawa, shuku sinkronaiza ya gia hiyo, yaani kifaa cha ndani ya giaboksi kinacholinganisha mizunguko kabla gia haijaingia. Mkono ukiruka mbele na nyuma kila unapokanyaga au kuachia mafuta, angalia maunti za injini kwanza, yaani vile vishikio vinavyoibeba, maana injini yenyewe ndiyo inayohama. Gia ikichomoka yenyewe kebo zikiwa nzima na maunti nzima, hapo ndipo yule fundi wa kwanza angekuwa na hoja.

Sasa bushi zenyewe. Ni plastiki ngumu ya poliuretani, kila moja imekatwa vipande viwili vinavyokutana katikati ya jicho la kebo, yaani lile tundu la kichwa chake, na ndani inapita bomba fupi la chuma. Kilichonivuta ni kwamba kwa gari langu kiwandani hawauzi raba peke yake; ukitaka ya asili unanunua kebo nzima. Kabla ya kuagiza pima jicho la kebo na pini ya giaboksi inayoingia humo kwa kipimo cha kaliba. Usiamini jina la gari tu, kwa sababu gari moja huweza kuja na giaboksi tofauti.

Kufunga si kazi ngumu, isipokuwa kusafisha jicho la kebo. Mabaki ya raba yakibaki, bushi haikai sawa. Vipande viwili nilivibana kwa jiliwa vikaingia kwa mlio mmoja mkavu. Grisi tumia ile ya silikoni inayokuja kwenye pakiti, nyembamba tu. Karatasi ya maelekezo ni picha moja yenye ukungu, heri wasingeiweka.

Tofauti niliihisi gari likiwa bado limesimama. Mkono sasa unarudi katikati na kutulia, na ya tatu naipata bila kuitafuta. Kwenye gia bado una mchezo kidogo, ambao ni wa kawaida kwa mfumo wa kebo, kwa hiyo asije mtu akategemea ugumu wa nondo.

Upande wa pili ni mtetemo. Raba ilikuwa inaumeza, poliuretani inaupitisha. Injini ikiwa baridi nausikia kwenye kiganja, na kwenye mzunguko fulani kirungu cha juu ya mkono wa gia kinatoa mlio mwembamba kama hujaukamata. Mimi naweza kuishi na hilo. Mtu anayependa gari tulivu afadhali anunue kebo mpya yenye raba yake.

Kwa bushi natoa nyota nne. Klipu walizoweka kushikia kebo kwenye pini ni laini mno, zinapinda kwa vidole, na moja ikichomoka barabarani unabaki na gia uliyokuwa nayo. Nimezitupa na kurudisha zile za zamani za chuma.